Huruma ya Watoto Wakati wa Krismasi

Huku kwetu Ugogo Sikukuu ya Krismasi huja wakati wa shida. Mtama na uwele tuliovuna katikati ya mwaka umekaribia kwisha ghalani, mvua ndizo kwanza zinaanza, na mbegu tuliyoweka akiba imekwisha kufukiwa udongoni. Basi watoto wa shule wakiambiwa watoe kitu kwa ajili ya maskini, wazazi wengine hunung'unika. Baba mmoja alitujia akasema, "Mwalimu, mwanangu akichota kibaba cha mtama nyumbani, aliyetoa ni mimi. Yeye amejifunza nini?"

Neno hilo ni la haki. Mtoto apewaye senti na mzazi wake asubuhi, akaitia katika sahani ya sadaka, amekuwa mchukuzi tu. Kwa sababu hiyo, sheria ya shule yetu ni kwamba kila mtoto atoe kilicho chake mwenyewe. Na mtoto ana nini? Ana nguvu zake, na saa zake za kucheza. Juma moja kabla ya kufunga shule, wakubwa hukata kuni na kuteka maji. Wadogo hufagia nyua za wazee, na mwenye kuku wake huleta yai.

Wazee wa kanisa hutupatia orodha ya nyumba za wajane, vipofu na yatima. Mwaka mmoja iliandikwa humo nyumba ya mwanafunzi wetu akaaye na bibi yake. Wenzake walipokuwa wakigawana kazi, yeye alinyamaza, na wengine wakamcheka. Jioni alitujia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Sisi tulioandikwa katika orodha, je, twakatazwa kutoa?"

Swali hilo lilituchoma. Mtu apewaye siku zote, wala haombwi kutoa kamwe, huanza kujiona kuwa si mtu kamili kati ya wenziwe. Na umaskini huo ni mzito kuliko njaa.

Tulimfungulia Injili ya Marko, sura ya 12, tukamkumbusha habari za mjane aliyetia sarafu mbili ndogo katika sanduku la hazina. Mjane yule mwenyewe alistahili kusaidiwa, wala hakukatazwa kutoa. Tukamweleza pia habari za makanisa ya Makedonia, ambayo Paulo aliwaandikia Wakorintho katika waraka wa pili, kwamba walikuwa katika umaskini mkubwa, na hata hivyo waliomba sana washirikishwe katika msaada wa ndugu wa Yerusalemu.

Kesho yake kijana alichukua ndoo ya maji mpaka kwa babu mmoja kipofu. Babu alimwuliza, "Wewe u mtoto wa nani?" Alipolisikia jina la bibi yake, alimketisha, akamfundisha kusokota kamba ya gome la mbuyu. Alirudi na kamba yake mkononi, akawaonyesha wenzake, nao wakaacha kumcheka. Hata leo hatujui kusema ni yupi kati ya wawili wale aliyetoa zaidi.

Basi, ninyi wazazi, twawaomba mambo matatu. Kwanza, mpeni mtoto kuku wake au kijishamba chake cha karanga mapema, ili siku ya kutoa ikifika awe na cha kwake. Pili, akipeleke mwenyewe, aamkie kwa adabu, aketi kidogo na mwenye nyumba. Asikiweke mlangoni akakimbia. Tatu, asitangaze habari hizo kisimani. Nikolao, askofu wa Myra katika nchi iitwayo leo Uturuki, aliyeishi karne ya 4, husimuliwa kwamba alitupa dhahabu dirishani usiku, ili kumsaidia baba maskini mwenye binti watatu asiaibike mbele ya watu.

Wahenga walisema kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Tukilikubali neno hilo, tusimnyime mtoto ye yote nafasi ya kutoa, hata yule wa nyumba iliyo maskini kupita zote kijijini.