Chifu, kondoo na ruta iliyo kabatini

Leo sina msimbo wa kuwaonyesha. Nina ruta mbovu. Imekaa kabatini kwangu hapa Nakuru miaka mingi, na kila nikiiona naona haya. Lakini kabla sijaungama, tuanzie mbali kidogo.

Wengi hudhani intaneti ililetwa Kenya na makampuni ya biashara peke yake. Sivyo. ARCC, mojawapo ya waliotangulia kuunganisha watu mwaka 1995, lilikuwa shirika lisilo la faida mjini Nairobi. Kabla ya hapo, mashirika ya mazingira yalikuwa yakipelekeana barua pepe kwa Fidonet: barua zinakusanywa kwenye kompyuta, kisha modemu inapiga simu na kuzipeleka zote kwa mkupuo mmoja. Zilichelewa, lakini zilifika. Kwa hiyo watu kujiunganisha wenyewe bila kutafuta faida si jambo geni kwetu.

Sasa tuje nyumbani. Lanet Umoja ni lokesheni iliyo viungani mwa Nakuru. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 chifu wake, Francis Kariuki, alianza kutoa matangazo kwa Twitter, mengi kwa Kiswahili, kila moja lisizidi herufi 140. Kondoo akipotea, chifu anatangaza. Usiku mmoja, saa kumi alfajiri, alipigiwa simu kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu. Akaandika. Baada ya dakika chache majirani wamejaa nje ya nyumba, wezi wametoka mbio. Mwaka 2012 habari hizo zilizunguka dunia nzima.

Mimi kama mtu wa programu nilijiuliza: wazee wenye simu za tochi walisomaje Twitter? Jibu ni rahisi. Wakati ule ungeweza kumfuata mtu kwa kutuma ujumbe mfupi tu, na maneno yake yakakufikia kama ujumbe wa kawaida. Hakuna bando wala skrini ya kugusa. Lakini ona kitu kimoja: programu ile haikuwa ya Lanet. Cha Lanet kilikuwa watu waliokubali kuamka saa kumi.

Basi Aprili 2020 Twitter ikazima huduma ya ujumbe mfupi karibu katika nchi zote. Ilikuwa mali yao, na hawakuhitaji kumuuliza chifu yeyote. Ukijenga kwenye shamba la mwenyewe, siku akitaka shamba lake huna neno.

Ndiyo maana nilifurahi kusikia kwamba Lanet Umoja imeingia katika orodha ya maeneo ya Kenya yenye mtandao wa kijamii, pamoja na TunapandaNET ya Kibera. Mtandao wa namna hii hufanya hivi: jamii inanunua laini moja nene, inaigawa kwa antena kutoka paa hadi paa, shule hadi kituo cha vijana, na mapato yanarudi kulipa bili na mafundi. Ukiweka seva hapo hapo kijijini, mwanafunzi anasoma masomo yaliyohifadhiwa humo hata laini ya nje ikikatika. Kule Catalonia, guifi.net ilianza hivyo mwaka 2004, na leo ina makumi ya maelfu ya vituo. Hapa kwetu, mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa utaratibu wa leseni maalumu kwa mitandao ya kijamii, ili kikundi cha kijiji kisipimwe kwa ratili moja na kampuni kubwa.

Haya, sasa niungame. Mimi nami nilijaribu. Ploti yetu ilikuwa na nyumba kumi na mbili. Nilinunua ruta, nikafunga antena kwenye bomba juu ya mabati, tukakubaliana kuchanga kila mwezi. Ilifanya kazi vizuri ajabu! Watoto walifanya kazi za shule, mama mmoja wa chini akamwona mwanawe aliye Qatar kwa video, akalia.

Miezi minne tu. Nywila nilikuwa nayo mimi. Pesa nilikusanya mimi, bila daftari. Nikasafiri wiki mbili kikazi, stima ikapotea na kurudi kwa nguvu, ruta ikaungua. Hakuna aliyejua hata waya upi unaingia wapi. Niliporudi, nusu ya majirani hawakutaka kuchanga tena, na mmoja aliniuliza mbele ya watu pesa zilikwenda wapi. Sikuiba, lakini sikuwa na karatasi ya kuonyesha.

Iliniuma. Baadaye nikaona kosa. Nililalamikia mitambo ya wenyewe, kumbe na mimi nilikuwa nimejenga ya kwangu na kuiita yetu. Mama yangu na wenzake wameendesha chama zaidi ya miaka ishirini bila hata kompyuta. Wana mwenyekiti, mweka hazina, daftari linalosomwa kwa sauti, na faini ya anayechelewa. Ningeanza na hayo, halafu ndipo nipande juu ya mabati.

Ruta sitaitupa. Nikianza tena, nitaiweka mezani siku ya mkutano wa kwanza. Na nywila ikae kwa watu watatu, mimi nisiwe mmoja wao.

Je, kwenu ruta ikiungua leo, nani mwingine anajua kuirudisha?