Siri mbili za familia zilizofichuka mezani Ujiji

Bibi alipoonyeshwa orodha ya vyakula, kitu cha kwanza alichouliza ni bei.

“Ugali wa muhogo, mgebuka na sombe? Kwa pesa hiyo mimi nawapikia ukoo mzima,” alisema. Mhudumu akacheka, Bibi naye akacheka.

Ilikuwa Jumamosi mchana, Ujiji. Mwanawe, fundi ujenzi wa Dar es Salaam mwenye miaka 41, alikuwa amerudi Kidahwe kwa mapumziko baada ya miaka mitatu. Aliwaahidi watoto wake wawili kuwapeleka kuona mahali ambapo Stanley alikutana na Dkt Livingstone mwaka 1871. Bibi akasema naye atakwenda, kwa kuwa miaka yote aliyopeleka mawese mjini hakuwahi kuingia humo ndani.

Walipotoka makumbusho, watoto wakiwa bado wanaiga zile sanamu mbili za wazungu wanaosalimiana, njaa iliwapeleka kwenye mgahawa wa chakula cha asili ulio jirani. Ni mgahawa unaopokea zaidi wageni. Chakula huletwa kwenye vyungu vidogo, na meza ya pili watalii walikuwa wakipiga picha ya dagaa kabla ya kuonja.

Bibi alitazama kibakuli cha mawese kilichowekwa mezani. Kwa zaidi ya miaka 40 amekuwa akichemsha chikichi kwenye pipa nyuma ya nyumba, na fedha ya mawese ndiyo iliyosomesha watoto wake. Leo mafuta hayo yalikuwa mbele yake kama kitu cha heshima. Alifurahi, ila hakusema.

Mwanawe ndipo akamwita mhudumu pembeni na kusema kwa sauti ya chini, “Dada, samaki wangu asitiwe chumvi. Na sombe yangu iwe na mawese kidogo sana.”

Masikio ya Bibi bado ni mazima. “Tangu lini?” aliuliza.

Meza ikanyamaza. Kwa siku sita pale Kidahwe, mwanawe alikuwa akigusa chakula kidogo na kusukuma sahani. Mara alisema ameshiba, mara tumbo linamsumbua. Bibi alikuwa na jibu lake moyoni: mkwe ndiye aliyemfundisha mume wake kudharau chungu cha mama. Mkwe alikwisha kuona macho hayo jikoni, akavumilia, kwa sababu mumewe alimwomba asiseme kitu.

“Nina presha, mama,” mwanaume huyo alisema hatimaye. “Mwaka wa pili sasa. Nakunywa dawa kila siku. Sikutaka kukutia hofu.”

Alieleza kwamba aligundua kwa bahati. Wapimaji wa afya walifika eneo la ujenzi, akajipanga foleni kwa kuwa wenzake walijipanga. Kipimo kikasoma 170 kwa 110. Hakuwa akiumwa kichwa wala kusikia kizunguzungu. Wiki hiyohiyo alikuwa akibeba mifuko ya saruji.

Bibi alinawa mikono taratibu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamgeukia mkwe wake. “Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa nakuhesabia kosa lisilo lako.”

Halafu akatoa ya kwake.

“Baba yenu hakuanguka kutoka kwenye mchikichi. Alianguka njiani, asubuhi, akienda kukata mikungu. Upande mmoja ukalegea, mdomo ukapinda, hakuongea tena. Watu walisema ametupiwa kitu. Na baba yake naye alikwenda hivyohivyo.”

“Sisi tuliambiwa alianguka mtini.”

“Wewe ulikuwa darasa la nne. Ungeambiwa nini?”

Siri mbili zilikuwa zimekaa meza moja, na kila moja ilifichwa kwa upendo. Mama alimficha mtoto asiogope, na mtoto akamficha mama kwa sababu ileile. Katikati, mke asiye na kosa alibebeshwa lawama, na taarifa ambayo ingemfaa daktari ilikaa kimya zaidi ya miaka 30.

Maana dalili alizozitaja Bibi ni zile za kiharusi, na shinikizo la juu la damu ndilo chanzo chake kikubwa. Presha huweza kutembea kwenye ukoo. Mtu ambaye mzazi au ndugu yake aliugua ana sababu ya ziada ya kupimwa mapema, hata kama anajisikia mzima. Kipimo kinachofika 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku tofauti na kubaki hapo, huhesabiwa kuwa presha ya juu. Na dawa haziachwi kwa sababu kipimo kimeshuka, kwani mara nyingi kimeshuka kwa sababu ya dawa.

Chungu cha Bibi nacho hakistahili kutupwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ile iliyomo kwenye viungo vya pakiti na samaki waliokaushwa kwa chumvi. Mawese mekundu yana kiini cha vitamini A, jambo jema hasa kwa watoto, lakini karibu nusu yake ni mafuta yale yanayoongeza lehemu mbaya kwenye damu. Kwa mwenye presha, samaki mbichi wa kuchoma, majani mengi na mawese ya kijiko badala ya kikombe bado ni chakula cha Kigoma.

Ndicho kilicholetwa mezani. Mgebuka wa kuchoma kwa ndimu, bila chumvi. Bibi alimega, akaonja, akatafuna kwa muda mrefu kuliko kawaida.

“Kitunguu kingeongezwa kidogo,” alisema. “Lakini analika.”

Jumapili jioni, Kidahwe, chumvi haikuingia chunguni. Bibi aliiweka kwenye kisosi katikati ya mkeka, kila anayetaka ajitilie mwenyewe. Watoto walilalamika siku ya kwanza. Siku ya tatu walisahau.

Jumatatu asubuhi alimwamsha mkwe wake mapema. “Nisindikize zahanati,” alisema. “Nami nipimwe.”

Walikwenda wawili, bega kwa bega. Muuguzi alimfunga mkanda mkononi, akasoma kipimo, akamwacha apumzike, akakisoma tena. Kilikuwa juu kuliko cha mwanawe.

“Mama, huumwi kichwa?” muuguzi aliuliza.

“Siumwi kitu,” Bibi alijibu. “Jumamosi nilikuwa Ujiji natembea.”

Alipewa kadi na tarehe ya kurudi kupimwa tena. Safari hii hakuificha. Alipofika nyumbani aliwaita watoto na wajukuu wote, akampa kadi mjukuu mkubwa na kumwambia asome kwa sauti.