Jicho la Mzazi na Jicho la Mwamuzi

Hapana mzani mgumu kushikwa sawasawa kuliko ule anaopimiwa mtoto mbele ya mzazi wake. Mchele hupimwa kwa kilo, kitambaa kwa mita, na muda kwa saa, wala hapana afuraye kwa ghadhabu wala aonaye haya kipimo kisomwapo. Lakini mtoto aingiapo uwanjani akacheza, kisha watu watano asiowajua wakaandika tarakimu juu ya vipande vya karatasi, moyo wa mzazi huanza kufanya hesabu zake wenyewe. Waswahili walilijua jambo hili zamani waliposema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo ni ya maneno matatu, lakini ndani yake mna sheria mbili. Ya kwanza ni sheria ya nyumbani, itoayo tunzo kwa ajili ya udugu. Ya pili ni sheria ya ugenini, ambayo methali imeinyamazia, nayo ndiyo mada ya insha hii.

Katika mji wa Tunduma, mahali ambapo barabara kuu na reli ya TAZARA huuvuka mpaka kwenda Nakonde, watu wamezoea kupimwa na wageni. Malori hupimwa uzito, mizigo hukaguliwa, hati za safari hugongwa muhuri, na tangu mwaka 2019 nchi mbili jirani zimeendesha kazi hiyo kwa utaratibu wa kituo cha pamoja. Mzazi wa Tunduma, awe dereva, mbadilisha fedha au mwuza mahindi, hachukii kipimo kwa sababu ni kipimo. Atakacho kujua ni nani aushikaye mzani, na kwa kanuni gani. Swali hilo hilo, lililo halali kabisa mpakani, huwa halali pia uwanjani.

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na makao yake makuu ni Vwawa. Mtoto wa shule ya msingi mkoani humo huyajua mashindano kwa jina la UMITASHUMTA, yaani Umoja wa Michezo na Taaluma kwa Shule za Msingi Tanzania. Na kaka yake wa sekondari huyajua kwa jina la UMISSETA. Ngazi zake ni kama za minara: shule, kata, wilaya au halmashauri, mkoa, kisha taifa. Fainali za taifa hazina mji mmoja wa kudumu. Mwaka 2019 zilikuwa Mtwara, na mwaka 2022 zilikuwa Tabora. Mzazi asiyeufahamu utaratibu huu hushangaa timu ya mwanawe ishindapo, na hali mwanawe akaachwa nyuma. Au timu ishindwapo, na mtoto akachukuliwa. Sababu yake ni kwamba katika kila ngazi wachezaji bora wa timu mbalimbali huchaguliwa, wakaundwa timu moja ya mahali pale. Ushindi wa timu huhesabiwa kwa magoli, lakini uteuzi wa mchezaji hufanywa kwa jicho. Hapo ndipo mzazi akutanapo na mwamuzi kwa mara ya kwanza, ingawa mwamuzi huyo hana filimbi.

Yafaa michezo igawanywe mafungu mawili. Katika fungu la kwanza, kifaa ndicho kisemacho: saa humwambia mkimbiaji muda wake, na utepe humwambia mrukaji urefu wake. Katika fungu la pili kifaa hakina ulimi. Kwaya na ngoma, ambazo nazo huchezwa katika mashindano hayo ya shule, hazina saa ya kuzipima. Lazima waketi majaji, wasikilize, watazame, kisha watoe alama. Mchezo wa viungo, uitwao pia jimnastiki, ni wa fungu hili la pili. Katika Tanzania watu wengi wameuona mchezo huo kwa sura ya halaiki: mamia ya watoto wenye sare, wakijipinda na kupanda mabegani mwa wenzao katika sherehe za kitaifa za Muungano na Mapinduzi. Halaiki hupigiwa makofi, haipewi alama. Mtoto ndani yake ni nukta moja katika picha kubwa, na mama aliye jukwaani hujitahidi kumtambua kwa soksi zake. Mahali pengine duniani nukta hiyo hutolewa katika picha, ikasimamishwa peke yake mbele ya meza ya waamuzi. Kutazama jinsi inavyohukumiwa huko kutamfaa mzazi wa Songwe, kwa maana hapana mchezo uliohangaika zaidi kutafuta namna ya kuligeuza jicho liwe mzani.

Shirikisho la kimataifa la mchezo huu liliasisiwa mwaka 1881, nao umekuwamo katika Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1896. Wanaume hushindana katika vifaa sita na wanawake katika vinne: meza ya kurukia, vyuma viwili vya kimo tofauti, boriti, na uwanja wa mita 12 kwa 12. Boriti hiyo ina upana wa sentimita 10 na urefu wa mita 5, nayo imeinuliwa mita 1.25 kutoka chini. Kwa miaka mingi alama kamili ilikuwa 10, na iliaminiwa kuwa haifikiki. Mwaka 1976, katika mji wa Montreal, msichana wa Romania wa miaka 14, Nadia Comăneci, aliipata. Ubao wa matokeo haukuwa umetengenezwa kuonyesha tarakimu hiyo, ukaandika 1.00. Watazamaji waliduwaa kwanza, kisha wakafahamu. Hapo ilidhihirika kwamba hata chombo cha kuandikia hukumu kina mipaka, kwa kuwa aliyekitengeneza alikuwa na mipaka katika kudhani kwake.

Tangu mwaka 2006 alama ya kimataifa imejengwa kwa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ugumu wa mchezo: kila mruko na kila mzunguko una thamani iliyoandikwa kitabuni, na thamani hizo hujumlishwa. Sehemu ya pili ni ubora wa utendaji, nayo huanza katika 10 na kushuka. Goti lililokunjika au mguu uliojongea wakati wa kutua hukatwa 0.1, 0.3 au 0.5 kwa kadiri ya kosa. Kuanguka hukatwa 1 nzima. Waamuzi wa utendaji huwa wengi, na alama ya juu kabisa na ya chini kabisa huondolewa kabla ya wastani kutafutwa. Mathalani, wakiwa watano, na alama zao zikiwa 7.9, 8.2, 8.3, 8.4 na 9.0, basi 7.9 na 9.0 hutupwa, na wastani wa zilizobaki ni 8.3. Ugumu ukiwa 5.2, jumla ni 13.5. Desturi hii ya kuzitupa ncha mbili ina hekima kubwa: humzuia mwamuzi mwenye chuki asimzamishe mtoto, na humzuia mwenye upendeleo asimwinue. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Kanuni imekwisha kumjua mwamba ngoma, ikampunguzia kamba.

Kwa watoto wadogo, katika nchi zenye mashindano hayo, hesabu aghalabu huwa nyepesi zaidi. Wote hucheza mfululizo mmoja uliokwisha kupangwa, na kila mmoja huanza na 10. Mzazi aambiwapo kwamba mwanawe amepata 8.6 hudhani amepewa 8.6, kwa kweli alipewa 10, akapunguziwa 1.4. Tofauti hii si ya hesabu tu. Mtoto alikuwa na ukamilifu mkononi tangu mwanzo, na kila kilichopungua kina jina lake na dawa yake. Mwalimu mwema hurudi na mtoto mazoezini wakayatafuta majina hayo moja moja.

Pengine msomaji atauliza: Je, waamuzi hawakosei? Hukosea, na wakati mwingine kosa lao huwa kubwa. Katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004, mchezo wa Yang Tae-young wa Korea Kusini katika vyuma sambamba ulihesabiwa kuwa unaanzia 9.9, hali thamani yake ilikuwa 10. Mmarekani Paul Hamm alishinda kwa jumla ya 57.823, na Yang akawa wa tatu kwa 57.774. Sehemu moja ya kumi iliyopotea ingetosha kugeuza medali ya shaba ikawa dhahabu. Waamuzi watatu walisimamishwa, lakini Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo haikuyageuza matokeo. Miaka miwili baadaye mfumo mpya wa alama ukaanza kutumika. Kwa sheria za leo, malalamiko juu ya alama ya ugumu huletwa na mwalimu kwa njia maalumu na katika muda mfupi uliowekwa. Alama ya utendaji hailalamikiwi, na mzazi hana nafasi katika shauri hilo hata kidogo. Huenda sheria hiyo ikaonekana ngumu. Lakini fikiri uwanja ambamo kila mzazi ana ruhusa ya kuiendea meza: mwenye sauti kubwa angekuwa na mtoto bora, na yatima hangeshinda kamwe.

Wakulima wa Mbozi hawana haja ya kwenda Athens kujifunza haya. Kahawa yao huhukumiwa vivyo hivyo. Kwa miaka mingi kahawa ya nyanda hizo ilisafirishwa mpaka Moshi kuonjwa na kunadiwa. Mwonjaji huivuta kwa kijiko, akatia alama za harufu, uchachu, uzito na ladha ibakiayo ulimini. Na katika kipimo cha walimwengu chenye alama 100, kahawa iliyofikia 80 huingia katika daraja la pekee. Mkulima aliyeipalilia miche yake miaka mingi hayupo mezani pale, na mwonjaji hajui kama mkulima aliuguliwa mwaka ule au kama mvua zilichelewa. Kutojua huko ndiko kuifanyako hukumu iwe ya haki kwa kahawa, na ndiko kuifanyako isiwe hukumu juu ya mkulima. Alama ni ya kikombe. Alama ya mtoto nayo ni ya dakika moja na nusu juu ya boriti, au ya mbio moja katika uwanja wa Vwawa; si ya mtoto.

Mzazi asipolifahamu hilo, upendo wake huweza kupotoka. Katika mashindano ya shule nchini Tanzania, tatizo la vijeba ni kongwe: kijana aliyekwisha kupita umri huingizwa kati ya watoto wa darasa la tano kwa hati isiyo yake. Katika jimnastiki, ambako mwili mdogo huruka vyepesi, udanganyifu huo huenda kinyume. Sheria ilitaka wanawake wawe na miaka 16 katika mwaka wa mashindano. Na mwaka 2010 timu ya wanawake ya China ilinyang'anywa medali ya shaba ya Sydney ya mwaka 2000, kwa sababu Dong Fangxiao alikuwa na miaka 14 tu wakati ule. Huku mkubwa hufanywa mdogo, kule mdogo akafanywa mkubwa, na pande zote mbili mtoto hufundishwa na wazee wake kuikana siku yake ya kuzaliwa. Medali iliyopatikana kwa kuikana nafsi humtunza nani?

Liko pia jambo zito zaidi. Mwaka 2018, katika jimbo la Michigan, Larry Nassar, aliyekuwa daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani, alihukumiwa kwa kuwadhulumu wasichana waliopelekwa kwake kutibiwa. Wako waliodhulumiwa huku mzazi amekaa katika chumba kile kile, asione, kwa kuwa aliiamini sifa ya daktari na alikuwa akitazama mbele, kwenye mashindano yajayo. Basi mzazi aliyekatazwa kuiendea meza ya waamuzi asidhani amekatazwa kila mlango. Mtoto aondokapo Tunduma kwenda kambi ya mkoa, na kutoka kambi kwenda Mtwara au Tabora, mzazi ana haki na wajibu wa kuuliza: atalala wapi, na nani amlindaye usiku? Akiumia, nani atakayemtibu, na mbele ya nani? Akisema hataki kuendelea, nani atakayemsikiliza? Maswali hayo hayahitaji elimu ya alama, wala hapana kanuni ya mchezo iyazuiayo.

Hivyo kazi zimegawanyika. Mwamuzi amepewa dakika chache na macho yasiyo na udugu. Mzazi amepewa miaka yote na macho yasiyoweza kuwa na kitu kingine ila udugu. Kila mmoja akiitwaa kazi ya mwenziwe, mtoto hukosa yote mawili: hukosa haki uwanjani na hukosa kwao. Mzazi anayehoji tarakimu usiku kucha humwambia mtoto, pasipo kukusudia, kwamba hata nyumbani iko meza ya waamuzi. Bali yule ajuaye alama ilivyojengwa huweza kuisoma mara moja, akaikunja, kisha akamwuliza mwanawe kama amekula. Mtoto aliyepata 8.6, na mtoto aliyeachwa nyuma basi lilipoondoka kwenda mkoani, wote wawili wangali wanangoja tunzo ambayo mgeni hakuagizwa kuitoa.