Samaki wa Ziwa Tanganyika: Nani Akae na Nani?

Akina mama wenzetu, mji wa Kigoma umekaa kando ya Ziwa Tanganyika, ziwa la pili kwa kina duniani. Kina chake hukaribia mita 1,470. Tulifika huko na kikundi chetu cha kanisa kuwatembelea wagonjwa. Siku ya mapumziko tulikwenda ufukweni nje ya mji, mahali penye mawe. Maji yake ni maangavu. Yakitulia, waona samaki hadi chini.

Wengi wa samaki hao ni ndugu wa perege tunayemkaanga nyumbani. Wataalamu huwaita sikilidi. Ziwa hili lina aina zaidi ya 200, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Mkubwa wao ni kuhe, ambaye wavuvi wa Kigoma wanamfahamu sana. Mdogo kabisa huishi ndani ya nyumba tupu ya konokono.

Kila mmoja ana mtaa wake. Tropheus hukaa maweni akikwangua mwani, naye ni mgomvi. Frontosa, mwenye nundu pajini, hupenda maji ya kina, na hula samaki wadogo. Wale wa konokono hukaa mchangani.

Jioni mwenyeji wetu alituonyesha tangi la kioo la lita 60 sebuleni kwake. Watoto walichanganya humo samaki wa kila rangi. Baada ya wiki chache alibaki mmoja tu. Kitinda mimba, wa miaka sita, hakutaka tena kulitazama.

Sababu si ugonjwa. Ziwani anayeshindwa hukimbia. Katika tangi hana pa kukimbilia. Kwa hiyo, mama, kabla ya kununua uliza mambo matatu: samaki huyu akikua atakuwa na urefu gani? Anakula nini? Anakaa wapi? Frontosa anayeuzwa akiwa kama kidole hupita sentimita 30. Tropheus ni mla majani. Akilishwa chakula cha nyama kama wenzake, huvimba tumbo na kufa.

Kwa tangi la lita 60 chagua aina moja tu: wale wa konokono, ambao kwa jina la kitaalamu ni Neolamprologus multifasciatus. Dume hafiki sentimita 5. Anza na sita. Weka mchanga laini wa kina cha sentimita 5, na nyumba tupu za konokono zaidi ya idadi ya samaki, ili pasiwe na kugombea. Watachimba, kila jike atachagua chumba chake na kutaga humo, na watoto watakua kando ya wazazi. Ukiwa na tangi la lita 100 au zaidi, waweza kuongeza jozi moja ya Julidochromis, wakaao katika mianya ya mawe. Mawe yawe upande mmoja, mchanga na konokono upande wa pili.

Maji yawe ya vuguvugu, nyuzi 25 hivi, na yawe magumu, yale yasiyotoa povu la sabuni upesi. Maji ya mvua peke yake hayafai. Kila wiki badili robo. Maji ya bomba yenye klorini yakae kwanza kwenye ndoo wazi siku nzima.

Neno la mwisho. Ukichoshwa na samaki wako, mpe mwenye tangi. Usimwage mtoni wala ziwani. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na alipozidi kuongezeka aina nyingi za furu zilitoweka. Hata Tanganyika kwenyewe, Tropheus wa ghuba moja hutofautiana rangi na wa ghuba nyingine. Wakichanganywa, tofauti hiyo hupotea, na watoto wetu hawataiona tena.