Kunguru na Jaa Letu



Inua macho jioni juu ya majumba ya Michenzani, uwatazame kunguru. Ndege hawa si wa asili ya kisiwa chetu. Waliletwa kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, zama za Waingereza, ili wale taka za mji. Kazi iliyompasa mwanaadamu akatwikwa ndege.

Tazama yaliyofuata. Jaa halikwisha, na kunguru wakazaana. Wakala mayai na vifaranga vya kuku wetu, wakavamia viota vya ndege wadogo. Katika miaka ya 1990 walitegwa na kuwekewa sumu, wakapungua. Kazi ile iliposita wakarudi, kwani chakula chao tunawaandalia sisi wenyewe.

Wataalamu wa leo hulipa jambo hili jina la Afya Moja: afya ya mtu, ya mnyama na ya mahali wanapokaa hazitengani. Kunguru akitoka jaani akatua kwenye tangi la maji lililo wazi, huweza kuacha vijidudu vya maradhi ya tumbo. Nzi naye ni hivyo hivyo. Mbuzi akila plastiki jaani, humziba tumbo akafa. Ama kipindupindu, kilichotupiga mwaka 1978 na tena 2015 na 2016, tusimsingizie kunguru: huenezwa na kinyesi cha mwanaadamu kinapoingia katika maji na chakula.

Sasa nakuuliza wewe ukaaye ghorofa ya juu: mfuko ule uurushao dirishani usiku, asubuhi unamkuta nani? Chini pana mtoto wa jirani anacheza. Umetawadha, umesali, na jirani yako hakusalimika na uchafu wako. Twahara ya mwili na nguo tunawafundisha watoto wetu; twahara ya ua je?

Katika Suratul Maida tunasoma kisa cha mwana wa Adam aliyemuua nduguye asijue la kufanya na maiti, mpaka Mwenyezi Mungu akamleta kunguru akifukua ardhi, kumwonyesha jinsi ya kusitiri. Kumbe kunguru alitufundisha kusitiri, nasi tumemfundisha kuchakura jaa!

Basi funga taka zako, funika tangi, chemsha maji ya kunywa, nawa mikono. Na taka zikirundikana mtaani, mwendee sheha pamoja na jirani zako, wala msingoje kunguru.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.