Uma wa Vugiri si uma wa Handeni

Wiki hii tunakwenda mkoa wa Tanga, ila bahari tuiache kwanza. Shuka na mimi Korogwe, pale mabasi ya Moshi na Arusha yanapopita yakiwa na haraka zake. Mto Pangani unapita hapo, mkonge umejipanga kama wanafunzi mstarini, na ukiinua shingo unaiona milima ya Usambara imekusimamia kichwani. Geuka kusini, kilometa 65 za lami, upo Handeni: nchi ya Wazigua, mahindi, machungwa, na jua lisilo na simile.

Safari yangu ilikuwa ya baiskeli. Binamu yangu wa Handeni anakula kwa baiskeli. Asubuhi maji, mchana mahindi ya kusaga, jioni kuni. Ndiyo, bodaboda zimejaa, lakini bodaboda inataka petroli na baiskeli inataka ugali tu. Msimu huu alipata vijisenti vya mahindi, akaamua kubadilisha uma wa mbele, ule unaolishika gurudumu. Mikono inakufa ganzi, anasema. Amewaona vijana wa Korogwe wakidunda na baiskeli za mtumba zenye uma wa shokapu, roho ikamtoka. Akaniomba nimsindikize, maana mimi ndiye "msomi" wa ukoo. Si nimemaliza fomu foo, bwana!

KITU CHENYEWE

Uma wa shokapu haujazeeka sana. Kule Marekani, Paul Turner na mwenzake Steve Simons walianza na kampuni ya RockShox mwaka 1989. Uma wao wa kwanza, RS-1, ulididimia kama sentimita 5 tu. Mwaka 1990, kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli za milimani huko Durango, Colorado, Greg Herbold akashinda mbio za kushuka mlima akiwa na uma wao. Waliokuwa wanacheka wakanyamaza.

Siku hizi kuna mchezo unaitwa enduro. Mnapanda mlima kwa nguvu zenu bila kugombea sekunde, halafu saa inahesabu sehemu za kushuka. Uma wa kazi hiyo hudidimia milimita 150 hadi 170, miguu yake minene ya milimita 35 hadi 38 ili usipinde kwenye mawe. Mwingi una hewa ndani badala ya springi, na unajazwa kwa pampu yake maalumu kufuata uzito wa mpandaji. Ukikaa juu ya baiskeli, uma udidimie kidogo tu, asilimia 20 hadi 25. Yaani kama ni wa milimita 160, ushuke 32 hadi 40. Ukishuka zaidi ya hapo, utaishiwa njia kwenye shimo la kwanza. Usiposhuka kabisa, umebeba pambo.

Kwa uma wa namna hiyo ningepanda Vugiri au Bungu, huko huko wilaya ya Korogwe, nikateremka zile njia za mizizi na utelezi huku naimba. Lakini binamu yangu hateremki Vugiri. Anakaa Handeni, na nyuma yake kuna madumu.

FUNDI ANAPIGA HESABU

Tulimkuta fundi mmoja mtu mzima, kakaa chini ya mwembe. "Shikamoo fundi." "Marahaba wanangu." Binamu akaonyesha uma wa shokapu uliotolewa kwenye baiskeli ya mtumba, unang'aa ajabu. Fundi hakutaja bei. Akauliza, "Mwanangu, wewe unabeba nini?"

"Madumu manne ya maji."

"Lita 20 kila moja, hizo kilo 80. Na wewe mwenyewe 60. Na Phoenix yako kama 20. Jumla 160. Haya, ukandamize huo uma."

Binamu akaukandamiza. Mguu mmoja ukarudi juu kwa uvivu, mwingine ukabaki chini kama mtu aliyegoma. Vumbi na kutu vilishaingia ndani.

Fundi akaendelea taratibu. Gurudumu la Phoenix ni la inchi 28, uma ule ni wa 26, haliingii. Shina linaloingia kwenye shingo ya fremu nalo ni nene kuliko shingo yenyewe. Breki za Phoenix ni za fimbo, na uma ule hauna pa kuzishika. Na hata ungeingia, ni mrefu, ungeinua pua ya baiskeli na kuikamua shingo ya fremu kila unapopiga shimo.

"Tena ukiwa na mzigo kwenye keria," akasema, "mbele ni kwepesi, shokapu inalala usingizi. Siku unashuka mteremko ukashika breki, mzigo wote unakuja mbele, uma unazama, baiskeli inapiga magoti. Wewe na madumu yako mnakwenda wapi?"

Binamu alinuna. Nami nilimwelewa. Baiskeli ile ndiyo iliyompeleka mkewe zahanati usiku wa kujifungua mtoto wa kwanza. Miaka yote inabeba vya watu, kwa hiyo safari hii alitaka kitu kizuri ambacho ni chake, si cha madumu. Hilo fundi asingeweza kulipima kwa futi kamba.

Mwisho akanunua uma wa chuma mpya, wa Phoenix, mgumu. Fundi akabadilisha gololi za shingo, akaweka raba nene kwenye usukani, akaupandisha usukani na kunyanyua kidogo pua ya kiti, maana kiti kinachoinamia mbele ndicho kinachoua mikono ganzi. Chenji ikabaki. Akamnunulia mwanawe viatu, na yeye mwenyewe kengele mpya ya kung'aa. Inalia vizuri, nimeisikia.

Wahenga wanasema mchagua jembe si mkulima. Kwenye uma wa baiskeli, naomba niwabishie. Chagua, tena chagua sana. Jiulize unabeba nini, unapita wapi, na ukiharibika nani atautengeneza. Tazama pale miguu inapokutana na shina. Ukiona ufa au alama ya kuchomelea, ondoka bila kuaga. Meno hayauzwi mtumbani.

Haya, msomaji wangu, tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.