Rafiki wa Kabla ya Dhiki

Katika majira ya machipuko, marafiki waukweao mlima Buet (mita 3,096) nchini Ufaransa kwa skii huondoka bondeni kabla ya mapambazuko. Chini ya skii hizo hubandika vitambaa vyenye vinyweleo viwazuiavyo kuteleza kinyumenyume. Usiku theluji huganda kama jiwe; jua likipanda hulainika, na poromoko lake laweza kuwafukia wote. Kwa hiyo saa ya kugeuka huafikiwa mapema. Mtihani huja saa hiyo inapotimia ilhali kilele ki karibu: nani atathubutu kusema, "Turudi"? Wahenga walinena, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Huyu hufaa kabla ya dhiki, naye aghalabu hashukuriwi, kwani poromoko lililoepukwa halionekani.